Ngamia Mweupe Hakuruka

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ilianza kama siku nyingine yoyote. Jua lilikuwa kali, barabara ilikuwa kavu, gari lilikuwa zima. Nilikuwa dereva wa lori la mifugo, kijana wa miaka ishirini na kitu. Hicho kitu ni ngapi sijui, maana sisi wa wakati ule tulizaliwa mwaka wa mvua fulani au wa ukame fulani, na hakuna aliyeandika. Nilikuwa Habaswein. Nilikuwa nimepakia mbuzi wa kupeleka mnada wa Garissa, na adhana ya adhuhuri ilikuwa karibu kutolewa. Na nilikuwa nimelewa.

Neno hilo la mwisho limenichukua miaka arobaini na zaidi kuliandika. Usicheke. Wewe umesoma, kwako neno ni neno tu. Mimi nilifika darasa la tatu nikatoka, kusoma nikamalizia kwenye vibao vya barabara na magunia ya unga. Leo nina malori manne na nyumba ya mawe, na hakuna mtu aliyenipa hata spana. Nimejenga jina kwa mikono hii. Mtu aliyejenga jina hivyo hulilinda kama mama anavyolinda mtoto, hata pale jina lenyewe limesimama juu ya uongo.

Basi nikueleze tulivyokuwa tunakunywa, maana ukisikia mtu wa kwetu alikunywa utafikiri alikaa baa, meza mbele, watu wakimwona. La. Palikuwa na nyumba nyuma ya vibanda vya makanika. Pombe ililetwa katikati ya magunia ya unga, ikamiminwa kwenye birika la chai, tukainywa kwa vikombe vya chai. Mtu akichungulia mlangoni anaona wanaume watatu wanakunywa chai. Ukimaliza unatafuna karafuu. Unajipaka manukato shingoni, kwenye ndevu na kwenye mikono. Mwisho unajaza miraa shavuni, halafu unatoka nje ukiwa mtu safi.

Sasa sikiliza hapa, mwanangu, maana kosa langu limelala hapa na watu wengi hawalioni. Mtu anayekunywa wazi akilewa analala palepale. Wenzake wanamcheka, asubuhi anaamka, anaenda zake. Mimi ningelala wapi? Nikilala mchana, watu watauliza Dheere ana nini. Na adhana ikitolewa, Habaswein ile ndogo nzima inaingia msikitini, tunasimama bega kwa bega, na pua ya jirani yako iko hapa, karibu na mdomo wako. Kwa hiyo nililazimika kuondoka. Nilishika usukani kwa sababu nilikuwa naikimbia safu ya swala. Aibu ndiyo iliyonitia kwenye gari.

Safari ile sikuwa peke yangu. Nilikuwa na abti wangu Sahal. Abti kwetu ni ndugu wa mama. Baba yangu alikufa nikiwa sijabadilisha meno, na Abti Sahal ndiye aliyenilea. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiyepandisha sauti, na katika msikiti mdogo wa bulla yetu, yaani mtaa wetu, pale Garissa yeye ndiye aliyekuwa akisalisha. Hakusomea ukubwa wowote. Watu walimsukuma mbele tu, kwa sababu walikuwa hawajapata kumsikia akisema uongo. Nusu ya wale mbuzi walikuwa wake.

Akaniambia, "Dheere, tusali kwanza, halafu twende."

Nikamwambia, "Abti, wewe ni msafiri. Utasali njiani, dini imekuruhusu."

Akanitazama. Akapanda, akakaa upande wake, akafungua dirisha lote. Tulipotoka mjini akasema, "Warya, kijana, manukato yako leo ni makali."

Nikacheka. Nilifikiri nimemdanganya.

Tukaenda. Wakati ule lami ilikuwa haijafika kule, ni vumbi na mabonde ya mchanga. Baada ya muda akasema, "Simama kidogo, Dheere. Macho yananiuma. Nataka nijinyooshe kwenye kivuli cha gari mpaka alasiri."

"Mbuzi watakufa na joto, Abti."

"Mbuzi ni wangu. Wakifa, wamekufa wangu."

"Nusu tu," nikamwambia, nikakanyaga mafuta.

Akatoa tasbihi, akaanza kuhesabu. Mwanangu, macho yake hayakuwa yanauma. Mzee yule alikuwa ananiomba nisimame, lakini ananiomba kwa kujisingizia yeye, ili mimi nisiaibike. Kwetu kumwambia mtu mzima "wewe umekunywa" si neno la kutoka hivihivi. Ni tuhuma nzito, ina mashahidi wake. Na anayemfunika Mwislamu mwenzake aibu yake, tumefundishwa, naye atafunikwa. Basi akanifunika. Alijua kila kitu tangu Habaswein, akakaa kando yangu akihatarisha shingo yake mwenyewe, akanifunika.

Kabla ya Modogashe kulikuwa na ngamia wanavuka. Mbele yao alikuwa kijana mmoja, Dubow. Jina lake nililijua baadaye. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, ameinua fimbo yake juu, vile wachungaji wanavyofanya kusimamisha magari. Nyuma yake alikuwa ngamia jike mweupe. Nilimwona Dubow. Nataka ujue hivyo. Si kwamba jua lilinipiga machoni, si vumbi. Nilimwona vizuri, nikaona na fimbo, nikajiambia bado yuko mbali. Mguu wangu ulipokumbuka breki, alikuwa hayuko mbali tena.

Kijana alitegemea fimbo. Alifikiri ndani ya lile gari kuna mtu mzima, mwenye akili yake, anayeiona fimbo na kusimama.

Ngamia mweupe alishtuka, akarukia kando, ubavu wa lori ukampiga nyonga. Hiyo ilikuwa baada ya kumgonga Dubow. Shika hilo: baada. Abti alishuka kabla gari halijasimama sawasawa. Alikaa mchangani, akaweka kichwa cha Dubow mapajani, akamtamkia shahada mdomoni mpaka mdomo ukaacha kufuata. Mimi nilikuwa nimeshika mlango wa gari. Unajua nilifanya nini kwanza? Nilitafuta karafuu mfukoni.

Wazee walikaa siku ya tatu. Ndivyo mambo yetu yalivyo, ukoo na ukoo hukaa, husikiliza, hukata diya, fidia ya damu, watu husoma fatiha na damu ikaisha. Wazee wa upande wa Dubow hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamekaa kwa adabu, na mama yake, Dahabo, alikuwa nyuma pamoja na wanawake, shuka imemfunika uso. Mzee wao mmoja hakuniuliza mimi. Alimgeukia abti wangu.

"Sahal, wewe ni mtu wa msikiti. Tutachukua neno lako. Huyu kijana wako alikuwa sawa siku ile?"

Mimi nilikuwa natazama chini. Niliona vidole vya miguu vya Abti vinakunjana kwenye ndara.

"Ngamia mweupe aliruka barabarani," Abti akasema. "Kijana wenu akamfuata kumzuia."

Yakaisha. Wakasema ni qadar, ni mpango wa Mungu. Ukoo wangu ulilipa diya kama ulivyotakiwa, na hakuna aliyenigusa hata kwa kiboko. Kutoka kule nyuma nikasikia sauti ya Dahabo, sauti ya mtu aliyekauka: "Yule ngamia mtoeni. Sitaki kumwona tena kwenye zizi langu." Ngamia alikuwa anachechemea, na alikuwa ndiye anayewapa maziwa nyumba nzima. Walimswaga jioni ileile kwenda kwa wachinjaji.

Tukarudi Garissa. Magharibi ilipofika tukaingia msikitini, na watu kama kawaida yao wakafungua njia ili Abti apite mbele. Hakupita. Akarudi nyuma hatua moja. Wakamsukuma, "Haa, Sheikh, tangulia." Akarudi nyuma tena, na tena, mpaka akafika safu ya mwisho, pale karibu na viatu. Akasimama pale. Kuanzia jioni ile mpaka anakufa, miaka kumi na moja, hakusalisha tena hata swala moja. Walimwuliza, akasema goti linamsumbua. Mimi nikasema amezeeka. Nilisema hivyo kwa watu, bila haya, na goti lake nililijua ni zima.

Aliponiita alikuwa tayari kitandani, mkojo wenyewe anasaidiwa. Nikafikiri ananipa wasia wa mifugo.

"Dheere," akasema, "ile siku nilisikia harufu."

"Najua, Abti."

"Nilikufunika. Nilidhani ni sitara." Akapumua kwanza. "Sitara ni ya jambo lililokwisha, mtoto wangu. Mtu kakosea jana, kajuta, unamfunika. Wewe ulikuwa bado umeshika usukani."

Nikamvutia shuka mpaka kifuani.

"Ningesimama pale mlangoni pa msikiti, nikapaza sauti, watu wote wasikie, 'Huyu amekunywa, mnyang'anyeni ufunguo.' Ungenichukia mwaka mmoja. Labda miwili. Dubow angeoa." Akanishika mkono na ule mkono wake uliobaki mifupa. "Nenda kwa mama yake. Mimi siwezi tena kukaa kwenye gari. Mwambie."

Nikamwambia nitaenda. Nikamwapia, wallahi nitaenda. Akafa siku chache baadaye.

Sikuenda.

Pombe niliacha tangu siku ile ya ajali, hiyo ni kweli, sijaonja tena. Lakini kwa Dahabo sikuenda. Mwaka ule nilikuwa nimepata lori langu la kwanza. Halafu la pili. Halafu nikaenda Makka, watu wakaanza kuniita Haji, nikawekwa kwenye kamati ya hiki na kamati ya kile. Kila mwaka jina lilikuwa linakua, na kila mwaka lile neno lilikuwa zito zaidi kubeba. Nikafanya kile tunachofanya sisi wenye mali. Kila Ramadhani nilimpelekea Dahabo gunia la sukari, unga na mafuta. Dereva akirudi ananiita Adeer, yaani ami, ananiambia, "Yule mama amekuombea dua ndefu, Adeer. Amelia." Nami nasema amin.

Sasa nije kwenye baraza, maana pengine wewe mwenyewe ulikuwepo.

Lilikuwa pale uwanja wa chifu, asubuhi, viti vya plastiki na turubai. Ofisa aliyetumwa alikuja kutueleza kwamba kipimo cha pombe anachoruhusiwa dereva kinatakiwa kishushwe, na kwamba wako wanaotaka dereva wa abiria na wa mizigo asiwe na hata tone. Akasema wamekuja kuchukua maoni ya wananchi. Alikuwa na kile kidude cha kupuliza, amekishika juu tukione.

Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Mkubwa, hiyo mashine ukiiacha hapa itashika kutu." Watu wakacheka.

Mwingine, "Hiyo ni sheria ya Kenya. Peleka Kenya." Sisi bado tunasema hivyo, unajua, ukivuka daraja la Tana umeingia Kenya.

Mzee mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, akasimama na bakora yake. Akasema kukubali kidude kile kije kwenye barabara zetu ni kukiri mbele ya dunia kwamba watoto wa Waislamu wanakunywa. Akasema ni tusi. Watu wakapiga takbiri. Nami mdomo wangu ulikuwemo.

Ndipo akainuka mama mmoja, Amina, ana duka la viungo karibu na stendi ya malori. Ni mwanamke mnene, mcheshi, hana hofu na mtu.

"Mimi sina maneno mengi," akasema. "Nina swali tu kwa hawa madereva wetu. Mnakuja kwangu saa nne asubuhi mnanunua karafuu za shilingi kumi. Nani anapika pilau kwenye lori?"

Baraza lote likaangua kicheko. Halafu kicheko kikakatika, kama redio iliyoisha betri. Watu wakaanza kuangalia viatu vyao.

Ofisa, kuokoa mambo, akanigeukia mimi. "Mzee Dheere, wewe una malori. Tuambie ukweli. Madereva wako wanakunywa?"

Wamekaa pale, wanne wote, safu ya tatu. Mmoja wao, ambaye jina lake halikuhusu, alikuwa anatafuna kitu polepole. Nikamjua. Nilimjua kwa shavu lake, na kwa vile manukato yake yalivyokuwa yamefika mpaka nilipokaa. Na nje ya uwanja lori langu lilikuwa limeshapakiwa.

Nikasema, "Kwetu hakuna kitu kama hicho."

Makofi. Nikakaa. Na mara tu nilipokaa nikahisi vidole vyangu vya miguu vinakunjana ndani ya viatu.

Lori lile lilitoka mchana ule likafika salama, alhamdulillahi. Nakwambia mapema usije ukangoja maiti nyingine katika habari hii. Lakini mpaka ujumbe wa kufika ulipoingia kwenye simu sikula, sikunywa maji. Swala zote za siku ile nilisimama safu ya mwisho, karibu na viatu. Nikaelewa goti la abti wangu lilikuwa linauma wapi.

Kesho yake nikaenda kwa Dahabo. Niliendesha mwenyewe, polepole, nikawa nasimama kila niliposhtuka kuona mbuzi. Mama yule sasa ni mzee sana. Jicho moja limekufa, la pili linaona kivuli. Alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, tasbihi mkononi.

"Hooyo," nikamwita, yaani mama, "ni mimi Dheere."

"Wa sukari!" akafurahi. "Karibu, mtoto wangu. Ramadhani imeingia bila mimi kujua?"

"Haijaingia. Hooyo, nimekuja na neno. Mimi ndiye niliyekuwa dereva siku ya Dubow."

"Hilo najua. Nani hajui? Lakini wewe huna kosa, yule ngamia..."

"Nilikuwa nimekunywa."

Tasbihi ikasimama. Nikasikia mbuzi mmoja anakohoa nyuma ya nyumba.

"Siku ile?"

"Siku ile."

"Sahal alijua?"

"Alijua. Alitaka nije nikwambie. Nilimwapia, halafu sikuja. Na jana nimeulizwa barazani nikakana, watu wakanipigia makofi."

Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea hata kidogo.

"Basi Addey hakuruka?"

Addey ndiye yule ngamia mweupe. Jina lake nililisikia kwa mara ya kwanza pale.

"Hakuruka, Hooyo. Alikuwa anatembea tu nyuma ya Dubow. Aliruka baadaye, gari lilipompiga."

Ndipo alipolia. "Dubow alimlea," akasema. "Mama yake Addey alikufa kisimani, Dubow akamlea kwa kumnywesha na mkono. Alikuwa akimwita anakuja kama mtoto. Na mimi nikamlaani. Miaka yote hii nikisikia kengele ya ngamia namlaani. Nilimtoa kwa wachinjaji kama mwizi, akiwa ameumia, naye alikuwa anamfuata mwanangu tu."

Nikapiga magoti. "Nisamehe, Hooyo."

Akainua kiganja, kama anayezuia gari. "Usinisukume. Wewe umekaa na hii kitu tangu una nywele nyeusi. Mimi nimeipata sasa hivi. Niache na mimi nikae nayo."

"Nitangoja."

"Ngoja. Mimi na Mungu wangu tutazungumza. Na dua zangu zote zile, Dheere, nitazizungumza naye pia." Akajifuta uso kwa ncha ya shuka. "Sukari usilete tena. Ukitaka kunipa kitu, nenda kwa hao watu wako waliokupigia makofi, uwaambie kama ulivyoniambia. Na Addey umtaje kwa jina. Nimemharibia jina lake, nataka nilisikie limesafishwa mimi nikiwa hai."

Baraza la pili lilikuwa wiki iliyofuata, maana mambo ya baraza la kwanza hayakwisha. Nilisimama. Sikuwa na karatasi. Nilisema nilikunywa kwenye birika la chai, nikataja Habaswein, nikamtaja Dubow na mama yake Dahabo. Nikasema ngamia mweupe, Addey, hakuruka. Nikasema wiki iliyopita niliulizwa hapahapa nikadanganya. Yule mzee mwenzangu wa bakora alisimama akaondoka, na mpaka leo salamu yake ni ya mbali. Kwenye kamati mbili wameniambia kwa adabu nipumzike. Watoto wa mtaani nimewasikia wakiniita Haji Birika. Sawa. Limetokana na mimi.

Ofisa akauliza, basi maoni yangu kuhusu kipimo ni yapi. Nikamwambia kishushwe mpaka chini kabisa, na kile kidude kije, tena kianze na malori yangu. Mnasema kitatutukana. Mimi nasema kingekuwepo siku ile, kingeniambia mbele ya watu kile ambacho abti wangu aliona haya kuniambia. Kidude hakina ukoo. Hakinijui mimi mtoto wa nani, hakiogopi kunivunjia heshima. Abti wangu alinipenda, na mapenzi yake yalimwua kijana wa watu.

Mwanangu, hapa ndipo nilipotaka tufike. Sikwambii pombe ni haramu. Hilo ulifundishwa madrasa kabla hujajua kufunga kiatu, na anayeinywa hainywi kwa sababu hajui. Nakwambia kuhusu ufunguo. Ukiwa umekosea, kosa lako likae mahali pamoja, usilitie magurudumu. Lala. Watu wakuone umelala, wacheke, wakuite jina la birika. Jina linavumilika, mimi nimelibeba na bado natembea. Na wewe unayesikia harufu kwa ndugu yako, au kwa bosi wako, au kwa baba yako mzazi, usijisingizie macho. Usihesabu tasbihi ukiwa umekaa kando yake. Sema, hata sauti ikikutetemeka. Shika ufunguo kwanza, heshima utamrudishia akiamka. Akishaamka, ukitaka kumfunika mfunike kwa shuka saba, nami nitakushikia ncha.

Mimi nimeweka mkeka nyuma ya stoo, pale malori yanapopakia. Niliwaambia madereva, yeyote asiyeweza safari aache ufunguo kwenye msumari wa mlangoni, aende akalale, mshahara wa siku uko palepale, na hakuna atakayeulizwa. Wiki ya kwanza mkeka haukuguswa. Wiki ya pili, saa tano asubuhi, yule dereva aliyekuwa akitafuna barazani akaja, hakunitazama usoni. Akatundika ufunguo. "Adeer," akasema, "leo gari sitoi." Nikamwambia, "Mkeka uko kule." Mbuzi wakashushwa, mnada ukatupita. Nilikaa nje kwenye gunia mpaka alipoamka, na nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: Abti alitaka alale kwenye kivuli cha gari mpaka alasiri. Mpaka alasiri tu.

Kutoka kwa Dahabo bado sijapata neno. Sukari sijapeleka, kama alivyosema. Nangoja.

Mungu akupe ulimi utakaotangulia mguu wako. Akupe watu wasiokuonea haya kukunyang'anya ufunguo. Kila aliyeinua fimbo barabarani akikutegemea, Mungu akufanye usimame. Amrehemu Dubow, amrehemu Sahal, na wewe akuzeeshe bila neno la kubeba. Amin.